Moto wa Kuomba

Kila jioni, jua likiinama upande wa Mpanda mjini, Audace alizima moto wake kwa mkono wake mwenyewe.

Hakuuzima ovyo. Kwanza alivitoa vijinga vikubwa, akavigongagonga chini mpaka vikanyamaza. Kisha alichota maji kwa kata akayamimina katikati ya mafiga, polepole, kama mtu anayemnywesha mgonjwa. Moto ulilia, ukatoa mvuke, ukatulia. Aliingiza kidole kwenye majivu yaliyolowa kuona kama lipo kaa lililojificha, maana hakutaka kwenda kuwaambia watu hana moto na huku anao. Akishahakikisha kwamba nyumba yake haina moto hata chembe, alichukua kigae cha chungu kilichoegemezwa ukutani, akashuka kijitoni, akapanda ng'ambo kwenda kuomba moto kwa Wasukuma.

Alikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili. Alikuwa na nyumba ya vyumba vitatu, shamba la mihogo na maharage, na mdomo ulioweza kukaa kutwa nzima bila kufunguliwa.

Nyumba ile ilikuwa Litapunga, pale makazi ya Warundi ya Katumba yalipoishia na pori la miyombo likaanza. Baba yake, Siméon, na mama yake, Thacienne, walifika hapo wakikimbia mauaji ya mwaka sabini na mbili, wakakata miti, wakafyatua matofali, wakazaa. Audace alizaliwa hapo. Burundi aliijua kwa midomo ya wengine tu: vilima, migomba, baridi ya asubuhi. Mwaka tisini na tatu zikaja habari kwamba kwao kumetulia, na watu wakaanza kufunga vyungu ndani ya mikeka. Siméon naye akafunga.

"Mmoja abaki," alisema. "Nyumba isipotoa moshi, mchwa wanaipanda. Audace, wewe ndiye mkubwa. Baki utoe moshi. Tukifika tukaona pamekaa sawa, tutakuita."

Pale stesheni ya Mpanda, treni ilipoanza kujikokota, mama yake alitoa kichwa dirishani akapaza sauti. Chuma kilisaga chuma, na katika maneno yake yote likamfikia Audace neno moja tu: *ejo*. Kwa Kirundi *ejo* ni jana, na *ejo* hiyohiyo ni kesho. Kitenzi ndicho kinachokuambia ni ipi, na kitenzi cha mama yake kilichukuliwa na treni. Labda alisema kesho tutakuita. Labda alisema jana nilikuachia chumvi kwenye kibuyu, maana Audace aliporudi nyumbani aliikuta kweli chumvi kwenye kibuyu. Yeye alichagua kesho. Haukupita muda, redio ikasema Burundi imewaka tena, na tangu hapo hakutokea mtu kutoka kule mwenye habari za Siméon, wala za Thacienne, wala za wadogo zake. Huu sasa ulikuwa mwaka wa tisini na tano, na Audace alikuwa bado anaingoja kesho ile.

Mchana ulivumilika. Jembe lina sauti yake, na mihogo haimuulizi mtu hali. Taabu ilikuwa saa ile ya jioni, kuku wakiingia ndani, moshi ukipanda kutoka kila paa, watu wakiitana majina. Saa hiyo nyumba yake ilikuwa kubwa kupita kiasi. Aliwahi kujaribu kukaa nayo. Alipika, akala, akaosha sufuria, akasema kwa sauti, "Nimeshiba," akaisikia sauti yake ikigonga ukuta wa chumba cha wazazi na kumrudia.

Ndipo siku moja ya mvua moto ukazimika wenyewe kweli, maji yalipopenya kwenye nyasi za paa. Akaenda ng'ambo kuomba. Wakampa moto, wakampa na kigoda, wakampa na maziwa. Siku iliyofuata moto wake uliwaka vizuri tu, bila tatizo lolote, na hapo ndipo alipouona kama kizuizi kilichowekwa mlangoni. Akachota maji.

Wasukuma wenyewe walikuwa Masalu na mkewe Nyamizi, na watoto wao, na ng'ombe ambao harufu yao ilimpokea Audace kabla hajavuka kijito. Masalu alikuwa mtu wa maneno machache. Nyamizi alikuwa na maneno ya wote wawili.

"Karibu, bwana usiye na moto!" alimwita kutoka mbali. "Haya, leo umezimwa na nini? Jana ulisema upepo. Juzi kuku."

"Chura, mama."

"Chura!"

"Ameruka kwenye mafiga."

Watoto wakaangua kicheko. Masalu, aliyekuwa akisokota kamba, hakuinua macho. "Huyo chura amekufa au amepona?"

"Amepona, baba."

"Basi angekuja kuomba moto yeye."

"Na wewe oa, baba," Nyamizi akasema, akimsukumia kigoda kwa mguu. "Kijana mzima, mikono miwili, unatembea na kigae kama bibi kizee. Oa mke akulindie moto wako. Au nyie Warundi hamuoi mpaka mpate kibali?"

"Tunaoa tukipata ng'ombe, mama. Na ng'ombe wote mnao nyie."

"Sikia anavyoniomba binti!" Nyamizi akapiga makofi, akacheka mpaka akafuta machozi kwa upindo wa kanga.

Audace alikaa hapo, akala ugali na mlenda, akasikiliza habari za ndama aliyekataa kunyonya na za fisi aliyesikika upande wa pori. Giza likianza kuingia, Nyamizi alimwekea makaa mekundu kwenye kigae, akayafunika kwa majivu kidogo, na yeye akashika njia. Kurudi kulikuwa raha pia. Aliyebeba moto hana nafasi ya kuwaza mengine. Hatua chache, unapuliza. Unapiga tena hatua, unapuliza, na uso wako unapata joto kana kwamba kuna mtu mwenye pumzi karibu.

Sasa, nyumba ya karibu zaidi haikuwa ile ya Masalu. Ilikuwa ya mzee Enoka, mpaka kwa mpaka na shamba la Siméon, na mtu angeweza kupiga chafya huku akatakiwa heri kule. Lakini baina ya nyumba hizo mbili moto ulikuwa haupiti. Audace akiwa bado mtoto, nguruwe wa Siméon aliingia kwenye mihogo ya Enoka akala matuta mazima, na Enoka akamvunja mguu kwa mpini wa jembe. Wazee wa kanisa waliwapatanisha kwa sala. Wakashikana mikono, wakarudi nyumbani, na kila mmoja akaendelea kukasirika.

Watu wa pale wakikosana hawanyimani maji, wala hawafungiani njia. Wananyimana moto. Unakwenda na kigae chako, unaambiwa, "Sina moto," huku moshi unauona juu ya paa. Hapo unajua umekatwa. Tangu mambo ya nguruwe, Siméon na Enoka hawakuombana moto tena, na Audace alikua akijua hivyo kama anavyojua mkono wake wa kulia. Baadaye mke wa Enoka alifariki, akazikwa nyuma ya nyumba karibu na migomba, na watu walipofunga vyungu vyao mwaka ule kurudi Burundi, Enoka hakufunga. Audace alimwona mara kwa mara akipalilia kaburi, mgongo umempinda, akikohoa ugoro. Walisalimiana kwa kichwa.

Kanisani palikuwa na kiongozi wa vijana aliyeitwa Ambrosi, kijana mchangamfu, mwenye meno meupe na shati lililopigwa pasi. Jumapili moja mwezi wa sita aliwakusanya vijana baada ya ibada, akawapanga duara.

"Kila mmoja asimame," akasema, "atuambie anaishi kwa ajili ya nini. Na aseme huku anatabasamu, maana uso wenye huzuni unafukuza baraka!"

Msichana mmoja, Emelyne, akasema anaishi ili awe fundi cherehani mwenye duka lake Makanyagio, pale mjini. Mwingine akasema ataendesha lori hadi Tabora. Mwingine akasema atarudi nchini kwao aijenge upya. Wote walipigiwa makofi. Zamu ya Audace ilipofika alisimama, akatabasamu kama alivyoagizwa, akatafuta ndani yake, akakuta jambo moja tu ambalo mtu aliwahi kumwambia afanye.

"Mimi nalinda moshi," akasema.

Walicheka, si kwa ubaya. Hata Ambrosi alicheka, akamshika bega. "Tazama mbele, ndugu yangu. Kuna mwanga mbele. Usiishi umegeukia stesheni."

Audace aliyapokea maneno yale kwa moyo mmoja, maana hakuwa mtu wa kudharau ushauri. Jumatatu aliamka na kutabasamu peke yake. Alifagia uwanja mpaka kwenye njia, akaimba nyimbo zote za kwaya alizozijua, ya kwanza kwa sauti ya nne, ya pili kwa sauti ya tatu, kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kuzigawana. Adhuhuri nyimbo zilikwisha, na alasiri yote ilikuwa bado imekaa pale inamtazama. Tabasamu lilimchosha mashavu. Jioni ilipofika, alichota maji.

Siku hiyo ndiyo Nyamizi hakumuuliza moto umezimwa na nini.

Alimkuta anafunga mitungi kwa kamba za katani. Mkokoteni ulikuwa umetolewa uwanjani na magurudumu yake yamepakwa mafuta. Masalu alisema kwa ufupi, kama kawaida yake, kwamba majani yamekwisha huku, na ndugu zake walioko Majimoto wamemwita kwenye mbuga nzuri kule Mpimbwe, nyasi mpaka kiunoni. Wangeondoka alfajiri baada ya siku chache, mwezi ukiandama.

"Mtarudi lini?" Audace akauliza.

"Ng'ombe hawarudi nyuma," akasema Masalu.

Audace aliangalia moto wa Nyamizi. Ulikuwa moto mkubwa, wa kuni za miyombo, na sufuria ilikuwa ikitokota juu yake kana kwamba hakuna kilichosemwa. Kitu cha kijinga kikamjia kichwani: nani atanipa moto? Alikuwa anajua kuuwasha mwenyewe tangu utoto. Hata hivyo swali likakaa palepale, likaongezeka uzito, na njiani kurudi, kwa mara ya kwanza, alisahau kupuliza. Alifika nyumbani na kigae chenye majivu matupu.

Siku zile alihesabu kila jioni kama mtu anayelamba asali iliyobaki ubavuni mwa kopo. Alikwenda mapema, akakaa mpaka watoto wasinzie. Jioni ya mwisho Nyamizi alichinja jogoo, wakala, na walipomaliza akainuka, akaingia ndani, akatoka na kitu alichokificha kiganjani.

"Shika, baba."

Kilikuwa kiberiti. Kipya, njiti zikisikika zikicheza ndani.

Audace alikitazama. Kilikuwa chepesi sana. "Ahsante, mama," akasema, na akaona aibu kwa jinsi sauti yake ilivyotoka.

"Unadhani mimi ni mjinga?" Nyamizi akasema, safari hii kwa upole. "Kutoka hapa nauona moshi wako. Kila jioni unapanda vizuri, umenyooka, halafu ghafla unakatika. Upepo haukati moshi hivyo. Chura hakati moshi hivyo. Nikishaona umekatika, nawaambia watoto, wekeni kigoda, mwenzenu anakuja."

Audace alikigeuza kiberiti kiganjani.

"Sikukasirika," akaendelea. "Kwetu mtu anakuja kwa miguu yake akitaka. Wewe ulitaka kuja na sababu. Basi. Ila sasa mimi sitakuwepo kuutazama moshi wako, kwa hiyo usiukate. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Hujasikia. Utasikia baadaye."

Alfajiri aliwasindikiza mpaka njia panda. Ng'ombe walipita kwa wingi na vumbi, mkokoteni ukalia, watoto wakapunga mikono wakiwa juu ya magunia. Nyamizi hakugeuka, na Audace alijua kwamba anafanya hivyo kwa makusudi. Alikaa njia panda mpaka vumbi likashuka lote. Kisha akaenda shambani, akalima kwa hasira tuta ambalo halikuhitaji kulimwa.

Jioni jua likainama. Upepo wa Julai ulikuwa mkali, unabeba majani makavu kutoka porini. Audace alipika maharage, akala kidogo. Mwili wake ukainuka wenyewe. Mikono ikatoa vijinga, ikavigonga chini. Ikachota maji. Moto ukalia, ukatoa mvuke, ukatulia. Akaingiza kidole kwenye majivu. Akachukua kigae, akatoka nje, akapiga hatua kuelekea kijitoni, ndipo akainua macho.

Ng'ambo hapakuwa na kitu. Zizi lilikuwa wazi, paa limekaa bila moshi.

Alisimama na kigae mkononi kama mtu aliyeitwa na kukuta aliyemwita hayupo. Kilichomshtua kilikuwa kikohozi nyuma yake.

Mzee Enoka alikuwa amesimama mpakani, mguu mmoja huku na mmoja kule. Alivaa koti refu la zamani, kifungo cha juu kimefungwa. Mkononi alishika kigae.

"Amahoro," akasema mzee.

"Amahoro, mzee."

"Nimekuja kuomba moto," akasema Enoka kwa Kirundi, taratibu, kama mtu aliyekuwa ameyafanyia mazoezi maneno hayo njiani.

Audace alitazama kigae cha mzee, akatazama chake. Kwa muda wote wa maisha yake hakuna mtu aliyewahi kuja kumwomba moto. Nao moto ulikuwa umekufa dakika hiihii, umelowa, kwa mkono wake. Akafungua kinywa, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kusema ana moto akiwa hana, wala hana akiwa nao, akasema kweli:

"Sina moto."

Aliyasikia maneno yale yalipokuwa yameshatoka. Uso wa Enoka haukubadilika sana. Ulifungika tu, kama dirisha linavyofungwa na mtu aliye ndani. Mzee akatikisa kichwa, akageuka. Akiwa ameshafika katikati ya matuta yake alisema jambo bila kugeuka nyuma, lakini upepo ulikuwa unatoka upande wa Audace na kuyapeleka maneno kule mbele, na neno moja tu likarudi.

*Ejo*.

Kiberiti kilikuwa mfukoni mwa Audace. Alikikumbuka wakati mlango wa mzee umeshafungwa. Na hapo, akiangalia ule mlango, akaona jambo jingine: moshi. Ulitoka kwenye paa la Enoka, mnene, wa kuni nzuri, unapinda kwa upepo. Mzee hakukosa moto. Alikuwa ameuacha nyumbani unawaka, akafunga kifungo cha koti, akachukua kigae, akavuka mpaka uliokuwa haujavukwa tangu siku za nguruwe.

Audace alikaa chini, palepale uwanjani. Ujanja ule aliufahamu. Aliufahamu kuliko mtu yeyote Litapunga.

Akajituliza kwa lile neno. Ejo. Mzee amesema kesho. Atakuja tena kesho. Akaingia ndani, akawasha moto kwa njiti moja ya Nyamizi, na kabla ya kulala aliufukia kwenye majivu kama mama yake alivyokuwa akifanya, kaa juu ya kaa.

Kesho yake alifagia uwanja. Alipasua kuni. Alitoa viti viwili nje, kile chake na kile cha baba yake ambacho hakuna mtu aliyekuwa amekikalia tangu stesheni. Alipika zaidi ya chakula cha mtu mmoja. Jua likainama, mkono wake ukaenda kwenye kata, akaunyakua kwa mkono wa pili. Moto ukawaka. Moshi wake ukapanda, haukukatika.

Enoka hakuja.

Kuku waliingia. Majina yaliitwa kwenye nyumba za mbali. Kiti cha Siméon kilikaa pale kikiangalia njia, na Audace akakiangalia, na polepole, bila kutaka, akaanza kulipindua lile neno upande wa pili. Vipi kama mzee hakusema kesho? Alijaribu kukumbuka juzi jioni alikuwa wapi. Juzi alikuwa ng'ambo, kwa Nyamizi, anakula jogoo wa kuagana. Nyumba yake ilikuwa imefungwa, haina moshi. Kama mtu alikuja juzi na kigae, aligonga mlango mtupu. Naye akija tena siku ya pili akaambiwa sina moto, angeondoka akisema nini?

Kwa karibu miaka miwili Audace alikuwa ameisikia ejo moja tu kati ya zile mbili. Alikuwa ameifanya kazi yake, kuingoja. Aliamka kwa ajili yake, akalala kwa ajili yake, na kila jioni alikwenda kukaa kwenye moto wa watu wengine mpaka ifike. Na sasa mzee mmoja alikuwa amekaa hatua chache kutoka hapa, anaamini kwamba amenyimwa moto, kwa sababu kijana wa jirani hajui kusikia jana.

Aliinuka. Alichagua makaa matatu yaliyoiva vizuri, akayaweka kwenye kigae, akayafunika kwa majivu kidogo. Akavuka mpaka.

Hakupita njia ya kijitoni, alipita katikati ya matuta, palepale alipovunjwa mguu yule nguruwe. Alipiga hatua, akapuliza. Aliwakumbuka vijana katika duara, makofi yao, na aibu aliyoiona aliposema kwamba analinda moshi. Baba alisema moshi ni kwa ajili ya mchwa. Hakuwa amewaza kwamba kuna watu wanaoutazama: mwanamke wa ng'ambo anayejua saa ya kuweka kigoda, mzee wa upande huu anayejua kwamba kijana anabaki peke yake. Muda wote alidhani analinda nyumba ya watu waliokwenda. Akapuliza, na kaa likamwangaza pua.

"Hodi, mzee."

Hatua zilisikika ndani. Kisha kikohozi. "Nani?"

"Mwana wa Siméon. Nimekuletea moto."

Mlango ulifunguliwa. Nyuma ya Enoka mafiga yalikuwa yakiwaka, moto mzima, na chungu juu yake. Mzee aligeuka akautazama moto wake, akarudi akakitazama kigae cha Audace, kile chenye makaa matatu.

"Una moto leo," akasema Enoka.

"Ninao. Jana nilikuwa nimeuzima mwenyewe. Sikukunyima, mzee. Nilikuwa sina kweli."

"Umeuzima mwenyewe? Kwa nini?"

Audace hakuwahi kulisema jambo hili kwa mtu. "Ili nipate sababu ya kwenda kwa watu."

Mzee alitafuna maneno yale pamoja na ugoro wake. "Mimi wangu niliuacha unawaka nikaja," akasema mwishowe. "Wewe una bidii kuliko mimi."

"Nilikungoja leo. Nilidhani umesema utakuja kesho."

"Kesho?" Enoka akakunja uso. "Miaka yangu hii, nimwahidi mtu kesho? Nilisema jana nilikuja hukuwepo, leo nimekukuta huna moto. Nikajua Siméon amekuachia nyumba na ugomvi wake pia." Akasogea pembeni. "Ingia, upepo unaingia. Uweke moto wako hapo."

Audace alipiga magoti, akayamimina makaa yake katikati ya mafiga ya mzee. Yalipotea mara moja kati ya makaa mengine, hayakujulikana tena yapi ni ya nani. Enoka akakoroga chungu. Ilikuwa mihogo.

"Yule nguruwe," akasema mzee bila kuinua kichwa. "Mlimchinja?"

"Tulimchinja, mzee."

"Alikuwa mtamu?"

"Sana."

"Lazima. Mihogo yangu hiyo." Na ile sauti iliyotoka kooni mwa mzee, ambayo Audace mwanzoni aliidhani ni kikohozi, ilikuwa kicheko.

Walikula. Hawakuzungumza mengi. Enoka hakuwa Nyamizi. Kwake kimya kilikuwa kirefu, na ndani yake Audace alisikia tena nyumba yake ikimngoja upande wa pili, na treni, na vilima ambavyo hakuwahi kuviona. Hakuna kilichokuwa kimerudi. Ila kimya hiki kilikuwa na watu wawili ndani yake, na mtu aliweza kukiegemea.

Siku iliyofuata, jua lilipoinama upande wa Mpanda mjini, Audace alichota maji kwa kata kabla hajajua anafanya nini. Akasimama nayo mbele ya mafiga. Moto ulikuwa umenyooka, na moshi wake ulipita kwenye nyasi za paa, ukatoka, ukapanda mahali ambapo mtu yeyote angeuona. Akayanywa maji yale yote, taratibu, mpaka kata ikawa tupu.

Kisha akasikia kikohozi mpakani. Enoka alikuwa anakuja kati ya matuta, koti limefungwa kifungo cha juu, kigae mkononi, na nyuma yake paa lake mwenyewe likifuka moshi mnene.

"Moto upo?" mzee akauliza kutoka mbali.

Audace alikuwa ameshakisogeza kiti cha baba yake karibu na mafiga.

"Upo, mzee. Njoo ukae."